Windows au Linux: mezani ni swali moja, sevani ni jingine

Ofisi nyingi za Arusha na Moshi huuliza kwa mkupuo mmoja: tubaki na Windows ya Microsoft au tuhamie Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa leseni? Likiulizwa hivyo, swali halina jibu zuri, kwa sababu ndani ya ofisi kuna kazi mbili zisizofanana. Kuna kompyuta ya mezani, ambayo mhasibu au katibu muhtasi anaikodolea macho kutwa nzima. Kisha kuna seva, ile mashine ya kwenye kona inayohudumia kompyuta nyingine zote, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku izime. Mezani, kinachoamua ni programu ambazo watu hawawezi kufanya kazi bila hizo. Sevani, kinachoamua ni leseni, uthabiti na nani ataitwa mambo yakiharibika.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa ofisi za kawaida za huku kaskazini, Windows ibaki kwenye meza za wale wachache wanaoihitaji kweli, na waliobaki wanatoshwa na Linux. Sevani ni kinyume chake: anza na Linux, na Windows Server iingie tu kama kuna sababu inayotajika kwa jina.

Kwa nini suala hili haliahirishiki tena

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Siku hiyohiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zilifika mwisho. Kompyuta zenyewe hazikuzima. Zinawaka kama zilivyowaka jana yake, na ndiyo maana wengi hawajashtuka. Lakini kila tundu la usalama linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiunga na mpango wa nyongeza. Kwa watumiaji binafsi nyongeza hiyo inakwenda hadi 13 Oktoba 2026. Kampuni zinaweza kuinunua kwa miaka isiyozidi 3, kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka unaofuata. Piga hesabu kwa kompyuta kumi uone.

Njia ya pili ni Windows 11, na hapo ndipo kompyuta za mtumba zinapotukwamisha. Mfumo huo unataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au AMD kuanzia familia ya Ryzen 2000. Zile OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre zinazopangwa madukani mwetu, nyingi ni imara kweli, lakini zipo za kizazi cha 6 na cha 7. Kujua ni rahisi: soma namba ya prosesa. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Muuzaji akikuambia tu kwamba "ni Core i5", hajakuambia kitu bado.

Fundi anaweza kukuambia kwamba kuna namna ya kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya kizazi cha 6. Ipo. Ila Microsoft haiitambui hali hiyo na haiahidi masasisho, kwa hiyo unakuwa umetoka kwenye mfumo uliokwisha muda na kuingia kwenye mfumo usio na uhakika. Mashine hiyohiyo ukiiwekea SSD, RAM ya GB 8 na Linux Mint, aina ya Linux ya mezani, inafanya kazi za ofisi bila kuhema. Toleo la Mint 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, na linahudumiwa hadi 2029. Sura yake, menyu chini kushoto na saa chini kulia, haimtishi aliyezoea Windows 7.

Mezani: programu ndiyo inayochagua

Chukua karatasi, zunguka meza kwa meza, andika kila programu inayofunguliwa kwa wiki nzima. Usiulize watu "unatumia nini", watasahau nusu. Keti uangalie.

Utagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi imeshahamia kwenye brauza. Ritani za TRA zinajazwa kwenye brauza. Zabuni za serikali kupitia NeST, leseni ya biashara kupitia TAUSI, huduma za NSSF, benki, barua pepe za wageni, mifumo ya kuhifadhi vyumba: vyote hivyo havijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Dada wa mapokezi kwenye kampuni ya utalii ya Njiro, anayejibu wageni na kutuma bei kuanzia asubuhi hadi jioni, anaweza kuhamishiwa Mint leo na kesho akaendelea na kazi.

Sasa nenda kwa mhasibu. TallyPrime na QuickBooks ya kwenye kompyuta zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Programu ya mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, mara nyingi ni Windows. Kuna chombo kiitwacho Wine kinachoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na wapo wanaokisifia. Mimi kwa mchezo wa kompyuta nitakitumia. Kwa vitabu vya hesabu vya kampuni, hapana. Mhasibu mpe Windows 11 Pro yenye leseni halali kwenye mashine ya kizazi cha 8 au zaidi, na mada yake ifungwe hapo. Chukua Pro na si Home, kwa sababu Home haiwezi kujiunga na kikoa cha ofisi, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa kutoka seva moja, na siku moja utahitaji.

Nyaraka ndizo zinazoleta mabishano. LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Barua, mihtasari ya vikao, orodha za bei, bajeti ya kawaida: hazina shida. Shida inaanzia kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni mpangilio wa ukurasa. Ratiba ya safari yenye picha za Ngorongoro na majedwali iliyotengenezwa Word inaweza kusogea ikifunguliwa kwingine, hasa kwa sababu fonti za Calibri na Cambria hazimo. Weka fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, na sehemu kubwa ya msogeo inaisha. Kwa mgeni, hata hivyo, tuma PDF. Cha pili ni makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili: nyingine zinafanya kazi, nyingine zinakataa, na huwezi kujua mpaka ujaribu faili yako mwenyewe. Cha tatu ni hifadhidata za Access ya Microsoft, ambazo sikushauri kuzihamisha kabisa.

Kwa kupita tu: wazo la ofisi kutumia programu huria, zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha, kwa Kiswahili si la jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili.

Printa nazo zina lake. HP nyingi zinakubali Linux bila maneno, kwa sababu HP yenyewe hutoa programu huria ya kuziendesha. Baadhi ya printa ndogo za leza za aina nyingine zitakutoa jasho. Ukiwa na printa moja ya mtandao inayotumiwa na wote, ijaribu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mshindani ambaye hatajwi kwenye ulinganisho

Tukisema ukweli, ofisi nyingi hazilinganishi Linux na Windows ya kununua. Zinalinganisha Linux na Windows iliyochakachuliwa, ile ya fundi kuja na flashi, kubonyeza kitu kimoja, na maandishi ya "activate" kutoweka. Kwa hesabu hiyo vyote viwili ni "bure", na Windows inashinda kwa mazoea.

Lakini tazama kilichofanyika pale. Ili kile kidude kifanye kazi, fundi ameizima kinga ya virusi, kisha akakipa programu isiyojulikana mwandishi wake ruhusa zote za mashine. Kwenye mashine hiyohiyo kuna nywila ya benki na nakala za pasipoti za wageni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kampuni ya utalii yenye folda ya pasipoti mia kadhaa haiwezi kusema sheria hiyo haiihusu.

Kwa hiyo kwenye meza ambako Windows haihitajiki, gharama ya leseni isiwe hoja ya kuichakachua. Weka Linux. Fedha uliyookoa ndiyo inunue leseni halali ya mhasibu.

Kuhusu Mac, maneno machache. Kwa anayehariri picha na video za safari ni mashine nzuri mno, na betri yake inavumilia umeme ukikatika. Kwa ofisi nzima ni ghali, na sevani haimo tena: Apple iliacha kutoa macOS Server Aprili 2022. ChromeOS Flex ya Google nayo ni ya bure na nyepesi kwa mashine za zamani, lakini intaneti ikikatika unabaki unaitazama.

Sevani: hapa leseni ndiyo mwamuzi wa kwanza

Ofisi ndogo nyingi zina "seva" ambayo kwa kweli ni Windows ya kawaida yenye folda iliyoshirikishwa. Si dhambi, kwa watu watano inatosha. Lakini masharti ya Windows ya mezani yanaruhusu vifaa 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja, na hesabu hiyo inahusu vifaa, si watu. Laptopu, simu, printa yenye kutuma skani kwenye folda: vyote vinaingia.

Ukipanda hadi Windows Server, elewa jinsi inavyouzwa. Leseni inahesabiwa kwa kori za prosesa, yaani vitengo vyake vya kuchakata, na kiwango cha chini ni kori 16 kwa kila seva hata kama yako ina kori 4. Juu yake, kila mtumiaji au kila kifaa kinachogusa seva kinahitaji leseni yake, maarufu kama CAL. Ofisi ya watu 25 inanunua seva, halafu inanunua CAL 25, na hilo ndilo linalosahaulika kwenye proforma inayoonekana nafuu kupita kiasi. Kuna toleo dogo la Essentials la hadi watumiaji 25 na vifaa 50 lisilohitaji CAL. Kama una bahati ya kulipata likiwa limekuja na mashine mpya, lifikirie.

Unachopata kwa fedha hizo si kidogo. Active Directory, daftari la Windows Server la watumiaji na kompyuta zote za ofisi, inakuwezesha kumfungia mfanyakazi aliyeacha kazi milango yote kwa kubofya mara moja, kusambaza printa na masharti kwa kompyuta zote, kujua nani kafungua nini. Na mifumo mingi ya SACCOS inayouzwa nchini imejengwa juu ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Muuzaji wa mfumo wako akisema lazima Windows Server, mwulize kwanza, kwa sababu SQL Server yenyewe inaendeshwa kwenye Linux tangu 2017. Akisisitiza bado, msikilize. Yeye ndiye atakayeitwa usiku mfumo ukigoma kufunga mwezi.

Upande wa Linux, programu iitwayo Samba inashirikisha folda kwa kompyuta za Windows bila zenyewe kujua kwamba upande wa pili si Windows. Tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012, Samba inaweza pia kusimama kama msimamizi wa kikoa cha Active Directory, na unaisimamia ukiwa kwenye Windows kwa zana zilezile za Microsoft. Kwa ofisi yenye tawi moja inafanya kazi vizuri. Kwa taasisi yenye matawi mengi na masharti tata ya usalama, nisingejikaza; Windows Server ipo kwa ajili hiyo. Leseni za Samba ni sifuri, iwe watu 5 au 150.

Kwa usalama, usikubali hadithi kwamba Linux haishambuliwi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili za Windows dunia nzima kupitia tundu ambalo Microsoft ilishaliziba Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Mwezi huohuo wa Mei likatangazwa tundu kubwa kwenye Samba, lililokuwemo tangu 2010. Tofauti ninayoiona mimi ni ya utaratibu: seva ya Linux husasishwa kwa amri fupi na mara nyingi haihitaji kuzimwa na kuwashwa, hivyo watu hawaiahirishi. Windows Server inataka kuwashwa upya, mtu anasema "tutafanya Jumapili", na Jumapili haifiki.

Kuhusu Linux ipi, sifichi upendeleo: Debian au Ubuntu Server. Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina matoleo ya muda mrefu (LTS) kila baada ya miaka 2, na Ubuntu Pro inaurefusha msaada hadi miaka 10, bure kwa mashine zisizozidi 5. Debian haina kampuni nyuma yake na haina haraka. AlmaLinux na Rocky ni nzuri kama muuzaji wa mfumo anataka familia ya Red Hat, kampuni inayouza Linux. Hizi mbili zilizaliwa baada ya Red Hat kutangaza Desemba 2020 kwamba CentOS 8, Linux yake ya bure, ingekwisha mwisho wa 2021 badala ya 2029. Walioichagua walijikuta wanahama kabla hawajatulia.

Tarehe za kuziangalia kabla ya kununua au kurithi seva ya mtu:

| Mfumo | Mwisho wa masasisho |
|---|---|
| CentOS 7 | 30 Juni 2024 |
| Windows Server 2016 | 12 Januari 2027 |
| Ubuntu 22.04 LTS, bila Pro | 2027 |
| Debian 12, pamoja na msaada wa muda mrefu | 2028 |
| Windows Server 2019 | 9 Januari 2029 |
| Ubuntu 24.04 LTS, bila Pro | 2029 |
| Debian 13, pamoja na msaada wa muda mrefu | 2030 |
| Windows Server 2022 | 14 Oktoba 2031 |
| AlmaLinux 9 na Rocky 9 | 2032 |

Umeme, bando na fundi

Umeme ukikatika ghafla, NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, yaani mifumo ya kupanga faili kwenye diski, zote zina daftari la ndani la kujirekebisha. Zinaokoa mpangilio wa diski, si ankara uliyokuwa katikati ya kuiandika. Kwa hiyo nunua UPS, lakini chagua yenye waya wa data, ili seva ijue betri inaisha na ijizime yenyewe kwa heshima. Windows na Linux zote zinaweza. Kwenye Linux programu ya kazi hiyo inaitwa NUT. UPS isiyo na mawasiliano inakupa dakika chache tu za kukimbilia chumba cha seva, kama upo ofisini.

Bando ni jambo fupi. Windows 11 ina uwezo wa kompyuta moja kupakua masasisho na kuzigawia nyingine ndani ya ofisi, uwashe. Linux ina njia yake ya kuhifadhi vifurushi kwenye seva moja, na inafaa kuanzia mashine tano hivi.

Fundi ni jambo refu zaidi, na ndiyo hoja pekee ya Windows Server ninayoiheshimu bila masharti. Fundi wa Windows utampata Arusha mjini kabla chai haijapoa. Msimamizi wa Linux anayejua Samba, vibali vya folda na kurejesha bekapu ni wa kutafutwa, ingawa Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru zimetuwekea vijana wanaofundishika. Usisaini Linux sevani kabla hujawa na watu wawili, si mmoja, wenye nywila ya msimamizi na maelezo yaliyoandikwa. Mmoja akipata kazi Dodoma, ofisi isibaki na sanduku lisilofunguka.

Ningechagua hivi

Kampuni ya utalii ya watu kumi na mbili: Mint kwa mapokezi na wauzaji, Windows 11 Pro kwa mhasibu na meneja, Debian yenye Samba sevani, na bekapu mbili, moja ikikaa nje ya jengo.

SACCOS ya Moshi yenye mfumo wa muuzaji: Windows Server 2022 au mpya zaidi, kama muuzaji ndivyo anavyotaka, na CAL zilipwe zote. Hapa sibishani, fedha za wanachama si mahali pa kujifunzia Samba. Lakini bekapu iende kwenye mashine ya Linux ambayo kompyuta za ofisi haziwezi kuiandikia moja kwa moja. Virusi vya kufunga faili vikiingia, visiikute.

Shule: Linux kila mahali, isipokuwa chumba cha mhasibu.

Zahanati ndogo yenye kompyuta tatu haihitaji seva kamili. Mashine moja ya mtumba yenye diski mbili zinazonakiliana na Ubuntu Server inatosha.

Kabla ya kufuta chochote, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisimika, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa na faili tano zenye makro nyingi kuliko zote. Kompyuta ya mhasibu usiiguse kabla ya tarehe 7, wakati PAYE inapelekwa, wala wiki inayoelekea tarehe 20 ya ritani ya VAT, wala mwisho wa mwezi wa mishahara. Zinabaki siku chache baada ya tarehe 20. Kampuni za utalii zifanye kazi hii Aprili au Mei, masika ikinyesha na wageni wakiwa wachache. Diski ya zamani ifunge kwenye karatasi, iandike tarehe, na uiweke kabatini mpaka mkaguzi wa hesabu amalize mwaka.